Marieta wa Kila Picha

Habari kwamba Randal Krofti amefariki huko kwao Marekani zilifika Musoma asubuhi, na kufikia mchana watu wa soko la Nyasho walikuwa wameshaanza kumpa pole mume wa Matrida.

Walimpa pole hasa, tena kwa nyuso za msiba. Madereva wa bodaboda waliegesha pikipiki mbele ya banda la video, wakavua kofia ngumu, wakaingia mmoja mmoja kumshika mkono. Mama muuza nyanya alileta sukari kwenye mfuko. Wengine walitandika mkeka nje ya mlango, wakakaa. Mgeni angeshangaa, lakini wa Nyasho hakuna aliyeshangaa. Zaidi ya miaka ishirini, kila Mzungu yule alipofungua mdomo kwenye kioo, aliyesikika alikuwa Faustine, dijei wa banda, akitafsiri kwenye maiki huku picha inakwenda. Krofti wa Musoma hakuwa na sauti nyingine. Sasa mwenye sura akifa, mfiwa si ndiye mwenye sauti? Ungempa nani mwingine pole?

Matrida alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye karai lake la kukaangia sato, akiyatazama yote hayo kwa jicho la pembeni. Alimwona mumewe ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka hadharani. Roho ikamuuma. Baba yake Matrida alipofariki, mwanaume huyuhuyu alikaa matangani mkavu kama dagaa wa juani. Leo analilia Mzungu ambaye hakuwahi hata kula ugali kwake. Hapa pana jambo, akajisemea.

Kusema kweli, kwa Matrida kila mahali palikuwa na jambo. Aliumbwa hivyo, na biashara ya samaki ikamnoa zaidi. Sato akiletwa na mvuvi asiyemjua, alifunua mashavu akanusa. Akiletwa na kaka yake wa tumbo moja kutoka Kiriba, alifunua mashavu akanusa mara mbili. Wenzake sokoni walimcheka, lakini wateja wake hawakuwahi kuumwa tumbo.

Ndipo kule kwenye mkeka mtu mmoja akasema kwa sauti, "Na Marieta naye ameshaambiwa?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha matangani kinachotoka na machozi. Kisha mmoja wao akamwona Matrida ng'ambo, akampiga mwenzake kiwiko. Wote wakageuka kumtazama, wakatabasamu.

Matrida aliinamia karai lake asionekane uso. Tabasamu hilo alilijua. Alikuwa akitabasamiwa hivyo mjini kwa miaka mingi, na vijana asiowajua, na makondakta, hata na karani mmoja wa halmashauri. Na jina hilo pia alilijua. Yeye alikuwa mtu wa kanisani, mlokole wa kukunja uso, na tangu aolewe hajawahi kukanyaga ndani ya banda la video. Lakini masikio hayana mlango. Kila picha ya Krofti ilipokaribia mwisho, muziki ulipopandishwa na steringi akamkumbatia mwanamke wake, sauti ya Faustine ilivuka barabara na kumfikia penye moshi wa mafuta: "Marieta! Marieta wangu! Sema ndiyo!" Mwanamke wa picha alikuwa mweupe leo, kesho mweusi, keshokutwa Mchina. Jina lilikuwa lilelile.

Aliwahi kumuuliza. Faustine akahangaika na midomo, akatoa, "Ni j-j-jina tu." Jina tu! Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wa Matrida alikuwa anatangazwa kwa spika.

Jioni ile alimpigia simu kaka yake, Yakobo, mtu wa ng'ombe na wa maneno makali. Hakuzunguka. "Kaka, njoo Jumapili baada ya ibada. Nimechoka kuolewa uke wenza na mtu nisiyemjua. Mwite na mzee Mwikwabe, baba mdogo wa Faustine. Likithibitika, mimi narudi Kiriba na ng'ombe zao za mahari zirudi kwao."

"Ushahidi unao?" Yakobo akauliza.

"Nitakuwa nao."

Hapo ndipo ilipofika ndoa ya Matrida: kikao Jumapili, pande mbili, na huko kwetu Mara kikao kikishasema ng'ombe warudi, hakuna mahubiri yatakayowageuza njiani.

*

Kabla ya safari ya kutafuta ushahidi alitaka kwanza kumjua huyo marehemu, maana alimshuku naye. Jirani yake Esther, mwanakwaya mwenzake, alikuwa na simu nzuri, akamsomea na kumtafsiria kilichoandikwa. Krofti alizaliwa mji mdogo wa vumbi, mtoto wa fundi wa kuchomea vyuma. Alianza kazi ya sinema kwa kuanguka: waigizaji wenye majina walipotakiwa kuanguka farasini, aliangushwa yeye, uso wake usionekane. Siku moja uso ukaonekana kwa bahati mbaya, mkubwa mmoja akaupenda. Kuanzia hapo akawa steringi. Mtu wa maneno machache, wa kukunja ndita, wa kupiga kwanza na kusalimia baadaye. Halafu magoti yakachoka. Miaka ya mwisho akawa anaigiza baba wa steringi, kisha babu wa steringi, na mwishowe akalala usiku mmoja nyumbani kwake na hakuamka.

"Wake?" Matrida akauliza.

Esther akashusha kidole kwenye kioo. "Hapa wanasema wanne. Aliwaachaga wote."

"Wanne!" Matrida akapiga makofi ya mshangao. "Basi ndiye mwalimu wa mume wangu. Mchezea tope humrukia."

Asubuhi yake alimwambia Faustine anakwenda Bunda kutazama samaki. Faustine alimtazama kidogo, kwa kuwa hakuna mtu wa Musoma anayekwenda Bunda kutazama samaki. Yeye nyumbani hakusemaga kitu.

*

Bunda ndiko Faustine alikoanzia. Mwenye banda la kule, Baltazari, alikuwa bado yupo, mzee mwenye kitambi na redio begani, na banda lake lilikuwa bado na zile turubai za kuzuia mwanga, ila mikanda ya zamani iliondoka, ikaja CD, ikaondoka, sasa kila kitu kimo kwenye flashi. Alimjua Matrida mara tu alipojitambulisha. Naye akatabasamu lile tabasamu. Matrida akaliona, akaliweka.

"Mzee, nataka uniambie alikujaje kwako mume wangu," akasema. "Na usinifiche."

"Nifiche nini, mama? Faustine alikuwaga mlangoni pangu hapa, anakata tiketi. Kazi ya mlangoni nilimpa kwa sababu haitaki maneno. Ulimi wake unajua mwenyewe."

Matrida aliujua. Faustine alikuwa na kigugumizi cha kutesa. Neno lilimkaba shingoni mpaka mishipa ikasimama, na watu wakawa wanatazama pembeni kwa kumwonea haya. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, walisema wahenga, lakini Faustine ulimi wake ulijikwaa kila hatua.

Baltazari akaendelea. Msimu mmoja wa pamba, wakulima wameuza, mji umejaa, banda limefurika, na mtafsiri wake akalewa akalala chini ya meza. Picha ilikuwa ya Krofti. Watu wakaanza kupiga miluzi, wanataka kujua Mzungu anasema nini. Faustine akaacha mlango, akashika maiki ili aombe radhi. Alitaka kusema samahani ndugu zangu. Badala yake Krofti akafungua mdomo kwenye kioo, na Faustine akafungua wake.

"Mama, maneno yalitoka kama maji ya bomba! Hakukwama hata mara moja. Kiingereza chake cha kidato cha pili, lakini picha haisubiri kamusi. Asilolijua akaliweka la kwake. Krofti akikimbizwa huko kwao, yeye anasema anakimbilia Mwigobero akapande mtumbwi. Adui akampa jina la mwenye nyumba wake. Siku Krofti alipokufa ndani ya picha, watu wakalia, wakasema steringi hafi, tunataka hela yetu. Faustine akawaambia hajafa, amezimia tu, anakimbizwa hospitali Mwanza. Wakapiga makofi!" Mzee akacheka mpaka redio ikatikisika. "Picha ilipoisha nikamwambia hongera, akajibu a-a-a-asa... Nikajua. Ulimi ule ni wa Krofti, yeye hapewi nje ya picha."

"Na Marieta?"

Baltazari akaacha kucheka. Akajifanya anatafuta stesheni kwenye redio. Matrida alishaona samaki wengi wakifichwa chini ya barafu, alisubiri.

"Marieta yupo," mzee akasema mwishowe. "Alikuwaga anauza maandazi hapo nje. Kwao Butiama. Sasa ameolewa hukohuko, mume wake ana shimo la dhahabu Buhemba, na yeye ana duka la vifaa vya ujenzi pale Butiama. Lakini mama, kabla hujaenda huko, ingia kwanza humu usikilize picha. Miaka yote hii unashtaki picha hujaiona."

Matrida alisita mlangoni kama mtu anayeingia majini asikojua kina. Alitazama kulia na kushoto, asije akaonekana na mtu wa kanisa. Akaingia. Akakaa benchi la nyuma, kitenge amekivuta mpaka machoni, akakumbatia mkoba wake kwa sababu gizani hakuna mwaminifu.

Picha ilikuwa ya zamani, Krofti bado na magoti yake. Na sauti, iliyorekodiwa pamoja na picha kwenye flashi, ilikuwa ya mumewe. Ilikuwa nene, imetulia, inatania, inaamrisha. Matrida alijikuta amefungua mdomo. Hakuwahi kukaa karibu na sauti hiyo. Mwanaume huyu aliyemfahamu kwa kutikisa kichwa na kunyoosha kidole, kumbe alikuwa na maneno yote haya, na alikuwa anayamwagia watu wa Bunda!

Kisha Krofti, amezungukwa na maadui, akanyanyua simu ya mezani. Watu wakainama mbele, wengine wameshaanza kucheka kabla ya neno. Sauti ikashuka, ikawa ya chini kabisa, isingeweza kuvuka barabara yoyote:

"Haloo, Matrida. Ndiyo, ni mimi. Leo nitachelewa. Watoto wamekula? Funga mlango vizuri, usifungulie mtu. Nikitoka hapa nakuja."

Banda likaangua kicheko, na vijana wa mbele wakaitikia kwa pamoja kama wanaitikia sala: "Nikitoka hapa nakuja!"

Matrida alihisi uso unawaka. Kijana wa pembeni, asiyemjua, akamweleza kwa wema: "Dijei Faustine huyo, mama. Krofti akishikaga simu yoyote, hata anampigia polisi, Faustine anasema anampigia Matrida. Matrida ni mke wake wa kweli. Mji mzima tunampenda huyo mama."

Basi yale matabasamu yote ya mjini yalikuwa hayo. Mtu mwingine angelia kwa furaha palepale. Matrida aliipima habari, akaigeuza, akaifunua mashavu. Na picha ikafika mwisho, muziki ukapanda, Krofti akatupa bunduki, akamkumbatia mwanamke aliyekuwa akimtafuta tangu mwanzo. "Marieta! Marieta wangu! Sema ndiyo!" Mwanamke akasema ndiyo.

Hapo moyo wa Matrida ukarudi palepale, tena mbaya zaidi. Kumbe mimi ni wa simu, akawaza. Mimi ni wa kuulizwa watoto wamekula. Wa kukumbatiwa ni mwingine.

*

Butiama alifika siku iliyofuata, akiwa amelala kwa shangazi yake Bunda. Duka la Marieta halikujificha: mabati yameegemezwa nje, rangi zimepangwa, mifuko ya simenti imefika darini. Matrida alijitayarisha kukutana na mwanamke mzuri wa kutisha. Akakutana na mama mnene, mchangamfu, simenti imemkaa kwenye nyusi, ambaye alimwita dada, akamvutia kiti na kumfungulia soda kabla hata hajauliza anataka nini.

"Nataka misumari," Matrida akasema uongo. "Nimetoka Musoma. Mume wangu ni Faustine. Wa banda la video."

Alimkazia macho, akingojea mshituko. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye aliyafungua yote mawili. Uso wa Marieta ulibaki wazi kama uwanja. "Faustine? Faustine yupi?"

"Alikuwaga Bunda. Kwa Baltazari."

Marieta akafikiri. Akatazama dari. Kisha akapiga paja. "Haa! Yule wa k-k-k-k?" Akamwigiza, shingo imekaza, macho yametoka, akacheka kicheko kikubwa kisicho na ubaya wowote, na ndicho kilichokuwa kibaya. "Yule bwana alikuja kunichumbia, unajua? Na baba yake mdogo! Baba yangu akamwambia, kijana, taja jina lako mwenyewe, nisikie. Weee! Tulikaa pale, jina halitoki. F-f-f-f. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikashindwa kujizuia. Nilicheka mpaka nikadondoka. Baba naye akacheka. Wakaondoka." Akajifuta machozi. "Jamani, yupo bado? Alipata mke?"

"Alipata," Matrida akasema. "Ni mimi. Nimekwambia ni mume wangu."

"Oo, samahani, dada. Soda si ya baridi?"

Na kilichomshangaza Matrida kikawa hasira. Alikuja kumchukia mwanamke huyu kwa kumpenda Faustine, na sasa alikuwa anamchukia kwa kutomkumbuka. Jina lake linatajwa kila picha, Musoma yote na Bunda yote wanalijua, na mwenyewe yupo hapa anauza simenti, hata hajui! Mume wangu ni mtu wa kusahauliwa hivi? Aliiacha soda imejaa, akalipia misumari asiyoihitaji, akaondoka.

Lakini kwenye bodaboda kuelekea Makutano shaka zikamrudia moja moja. Huenda anaigiza. Mke wa mtu atakiri mbele ya mke wa mtu? Na hata kama hasemi uongo, swali lipo palepale. Mwanamke amemsahau, sawa. Yeye je? Mwanaume anayeita jina la mwanamke miaka yote hiyo, kila siku, kwa spika, huyo moyo wake uko kwa nani? Ushahidi alikuwa nao sasa. Marieta yupo, ana duka, na aliwahi kuchumbiwa. Yakobo atauona unatosha.

*

Jumapili walikaa sebuleni kwa Matrida, mtaa wa Bweri hapo Musoma. Mzee Mwikwabe alikuja kutoka Butiama na fimbo yake, Yakobo kutoka Kiriba na kitambaa chake cha kujifutia jasho. Faustine alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho mekundu bado kwa msiba wake wa Marekani. Tangu Krofti afe hakuwa ameshika maiki.

Yakobo alifungua kikao, akamwachia dada yake. Matrida akaeleza yote: jina, miaka, Bunda, duka la Butiama. Hakuongeza na hakupunguza. Hata simu ya Krofti aliitaja, kwa kuwa mshitaki anayeficha hoja ya mwenzake naye ni wa kushukiwa. Alipotaja kwamba Marieta aliwahi kuchumbiwa, Mwikwabe aligonga fimbo chini.

"Mkamwana, habari hiyo naijua mimi. Nilikuwepo. Acha nieleze..."

"Hapana, mzee," Yakobo akasema. "Wewe siyo mshitakiwa. Shemeji ajibu mwenyewe. Marieta ni nani kwako, na kwa nini humwachi? Sema tusikie. Ukinyamaza, tutajua."

Faustine akasimama. Akafungua mdomo. Kilichofuata Matrida alikijua, na bado kilimtia uchungu kukitazama mbele ya watu: kidevu kikaanza kutetemeka, shingo ikakaza, na sauti ikagonga palepale kama ng'ombe aliyekwama mlango wa zizi. "M-m-m-m..."

"Mchumba?" Yakobo akamsaidia. "Mchepuko? Sema tu, shemeji."

"M-m-ma..."

"Jamani, mwacheni mtoto wa watu," Mwikwabe akasema, naye jasho linamtoka. "Nyie hamjui. Sikilizeni, nina wazo. Hiyo televisheni iwashwe, iwekwe picha yake yoyote. Apewe kitu cha kushika kama maiki. Atasema yote humo. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu, akisemea Mzungu hakwami."

Yakobo akaitazama televisheni, akamtazama dada yake. Hata yeye aliona ni busara. Faustine akageuza macho kuielekea televisheni, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba inayoungua. Akapiga hatua.

"Hapana," Matrida akasema.

Wote wakamtazama.

"Krofti amekufa, tumempa pole, basi. Mimi sikuolewa na Krofti. Namtaka huyu."

"Lakini mkamwana, hawezi..."

"Nimesema huyu. Kwa mdomo wake. Na msimsaidie."

Faustine alibaki amesimama katikati ya sebule, mikono haina pa kwenda. Alimtazama mkewe, na Matrida naye hakutazama pembeni. Nje mbuzi wa jirani walipita, kengele ikalia, ikapotea. Neno likaanza upya.

"Ma-ma-Marieta a-a-alinicheka," Faustine akasema. Akapumua. "Kwenye p-picha... ha... hachekagi. Ha-hata moja. Na-namfanya a-aseme ndiyo. Ki-kila picha. Na... bado... na-nasikia anacheka."

Ilichukua muda mrefu sana, na hakuna aliyesogea. Yakobo alikuwa ameshika kitambaa chake bila kujifuta. Matrida alisikia kile kicheko cha dukani kikirudi masikioni mwake, kile kikubwa kisicho na ubaya, na akaelewa kwamba mumewe amekuwa akikisikia tangu ujana, kila siku, na kwamba zile kelele zote za "sema ndiyo" zilikuwa za kukifunika. Uchungu ukampanda, akatamani arudi Butiama akaimwage ile soda.

"K-kwenu," Faustine akaendelea, na mshipa wa shingo ukasimama tena. "Ki-Kiriba. Ba-baba yako a-aliniuliza jina. Ni-ni-nikakwama vilevile. We-wewe ulikuwepo. Hu-hu-hukucheka."

Matrida aliikumbuka siku hiyo vizuri. Ni kweli hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chakula, akimtazama kijana yule anayehangaika na jina lake, na alikuwa anawaza: huyu anaficha nini? Mbona viatu vyake vipya, ameviazima kwa nani? Hakucheka kwa sababu alikuwa anamchunguza. Mwanaume akaondoka na hilo, akalijengea nyumba. Matrida alifikiri kama amwambie. Akaona si lazima kila ukweli utoke siku moja.

"Nd-nd-ndiyo maana," Faustine akasema, "pi-picha i-ikiisha... mi-mimi..."

Akakwama. Safari hii ilikuwa kukwama kubaya, macho yamefumba, mkono unapiga paja. Nyumbani Matrida alizoea kummalizia. Akianza "na-naomba" yeye humalizia "maji", naye Faustine huyanywa maji hata kama alitaka chumvi. Na miaka yote hiyo, pale asipojua neno, alimalizia kwa lile baya zaidi alilolifikiria. Sasa neno lilikuwa palepale, limeshika mlango, na maneno ya kumalizia yalimjaa mdomoni, mazuri na mabaya. Akayameza.

Yakobo hakuweza. Aliinama mbele, mdomo umeshafunguka kumpa mwanaume mwenzake neno. Matrida akanyoosha mkono, akamzuia.

Yakobo akamnong'oneza, "Dada, jua linashuka, mimi nina safari. Umeridhika au hujaridhika? Ng'ombe vipi?"

"Sijaridhika," Matrida akasema, macho yake kwa mumewe. "Kaka, wewe nenda tu. Mpitishe na mzee hapo stendi. Huyu bado hajamaliza, na mimi sina haraka."